Ekzosi ya Karina

Askari wa Mailisita alinisimamisha kwa kidole kimoja,
akaizunguka Pijo kama mnunuzi na ng'ombe mgonjwa mnadani,
akasema: Mama, unaufukiza mji.
Nikamjibu: Na mji wenyewe unaitwaje?
Hakucheka. Aliandika. Elfu thelathini.

Nikampelekea Mbonea, gereji ya Pasua.
Akajiingiza chini, miguu tu ikabaki duniani,
akagonga bomba kwa spana. Kutu ikamwangukia usoni
kama unga wa ulezi.
"Hapa imebaki nia tu," akasema huko huko chini.
"Bomba lilishaondoka."

Jipya? Hakuna jipya la Pijo ya mwaka sabini na tisa.
Alikuwa na la Karina ya petroli
iliyopinduka Bomang'ombe ikauzwa vipande vipande:
taa kwa huyu, milango kwa yule,
koo lake likaishia ukutani kwa Mbonea, linangoja kifua.

Nikauliza kama litafaa.
Lile limelelewa kwa petroli;
langu ni la dizeli tangu kuzaliwa, linalala na masizi.
Akasema petroli ndiyo huunguza zaidi,
bomba lililozoea joto lile
halitashtushwa na pumzi ya mzee.
"Ila lina masega."

Masega! Nilidhani utani.
Akashika nondo, akapiga tumboni mwa lile bomba,
vikamwagika kwenye gunia vigae vya kijivu,
vitundu, vitundu, vitundu,
mzinga uliohamwa na nyuki zamani.
"Masizi yako yangeyaziba kabla hujafika Kibosho."
Nikaliona gunia likifungwa haraka, likisogezwa mbali na mkono wangu.
Nilijua yana bei.
Nikanyamaza; nami nilikuwa na deni lake tangu Pasaka.

Kisha kukata. Kisha kuchomelea,
cheche zikaitoboa kanga yangu mahali pawili.
Tundu la sensa, kitu ambacho Pijo haijawahi kukisikia,
akaliziba kwa bolti ya trekta.
Midomo ya mabomba ilipishana kidogo;
mmoja akautanua kwa nyundo hadi ukakubali.
Mipira ya kuning'inizia akaikata kwenye tairi kuukuu.

Nikawasha.
Ikakohoa mara mbili, ikasita,
halafu ikasema kwa sauti ya mtu mwingine:
ya chini, ya adabu, ya karani wa benki.
Mbonea akafuta mikono kwenye suruali, akatabasamu.
Nami nilifurahi. Nilifurahi njia nzima.

Alfajiri yake nilipanda Umbwe na madumu matupu.
Miaka kumi na saba nakusanya maziwa njia ile,
tangu Ndeshau akishika usukani na mimi nikishika daftari,
na hapakuwa na mtu kwenye kona hata moja.
Walikuwa ndani, wananisubiri.
Nilikuwa nimeshawapita.
Ikabidi nirudi nyuma nikipiga honi kila kichochoro
kama muuza aiskrimu.
Manka wa kona ya tatu alitoka na ndoo, kitenge kimefungwa upande,
akaitazama gari, akanitazama.
"Kumbe ni yeye aliyekuwa anatuamsha," akasema,
akashika mfuniko kwa mikono miwili.
Nikapima lita zake. Nikaandika. Nilikosea nikaandika tena.

Na mbwa, ambaye alikuwa akiitambua Pijo tangu darajani,
jioni hiyo alinibwekea
hadi nilipofungua mlango nikamtukana kwa jina lake.

Mbonea ananiambia nivute subira:
masizi yakishatanda ndani, sauti itapata mikwaruzo yake.
Labda. Askari sasa ananipungia mkono.

Ekzosi ya zamani sikuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.
Nimeiegemezea mgomba uliozidiwa na mkungu, nyuma ya jiko.
Inafaa; ni ndefu kuliko miti tunayotumia
na mchwa hawaili.
Usiku upepo ukishuka mlimani
hupita kwenye matundu yake ya kutu.
Mbwa amehamia huko kulala.